Kasha Lililolala Kalundu

Kasha halikuvuka ziwa. Placide, karani wa ofisi ya mizigo ya Bukavu, alimwambia Georgette hivyo kabla hata ya kumsalimia, huku akipekua rundo la karatasi kama mtu anayetaka habari mbaya impite upesi. Lori lilikuwa limelifikisha salama bandari ya Kalundu, watu wakaliteremsha, wakaliweka katika hangari, ghala la mizigo, na meli ya Kalemie ikaondoka bila hilo.

Georgette alishika ukingo wa kaunta. Ndani ya kasha lile mlikuwa na vichupa vya streptomisini, kila kimoja kimefungwa kwa pamba na kufukiwa katika unga wa mtama ili kisivunjike kwenye kona za mlima wa Ngomo. Mumewe, Donatien, alikuwa amelala katika hospitali moja huko Kalemie tangu kiangazi kianze, kifua kikimla kidogo kidogo. Daktari alikuwepo, vitanda vilikuwepo. Dawa kila familia ilijitafutia. Katika barua yake ya mwisho aliandika kwamba sindano zake zinakaribia kwisha, na kwamba daktari amewaonya wote: dawa hii ukiianza na kuikatiza njiani, ugonjwa hurudi na nguvu mpya, tena hausikii dawa.

Placide aliipata karatasi aliyoitafuta, akailaza juu ya kaunta na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa nakala ya bordero, karatasi ya mzigo, na mwandiko ulikuwa wa Georgette mwenyewe, umesimama wima kama alivyofundishwa na masista. Placide akaanza kupita mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Kilo, sawa. Idadi ya vifurushi, sawa. Alama, msalaba wa rangi ya buluu, na kweli msalaba wa buluu ndio uliopakwa kwenye mbao. Vilivyomo ndani vilikuwa vimetajwa bila kuficha hata unga.

"Mama Colette, hata batu ya secondaire habajaze muzuri hivi," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Lakini hapa." Kalamu ikasimama kwenye mstari wa mpokeaji.

Hapo Georgette alikuwa ameandika: *Papa Colette, Donatien, mgonjwa wa kifua.*

"Ni bwana yangu," alisema. "Unamujua. Muliimba pamoja kwa chorale."

"Mimi namujua. Kalundu habamujue. Baliuliza Kalemie kwa redio ya phonie, bakasema kwa liste ya bagonjwa hakuna Donatien."

Wala asingekuwepo. Tangu serikali iondoe majina ya ubatizo kwenye karatasi, kila citoyen, yaani raia, aliandikwa kwa jina la mababu zake, na anayeitwa vingine kazini alijitafutia balaa. Placide mwenyewe, akiwa pale kaunta katika abakosti, suti yake ya kijivu isiyo na tai, hakuwa Placide. Kifuani alibandika kibao chenye jina jingine, na mtu akimwita la kanisani alijifanya kiziwi. Alimsogezea Georgette karatasi mpya na kalamu. Alichotakiwa kuandika ni jina lililo kwenye kitambulisho cha mumewe, basi.

Georgette akaichukua kalamu. Akaiweka chini. Akaichukua tena.

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Mtu mmoja aliyebeba matairi ya baiskeli shingoni alisema kwa sauti kwamba leo ameona maajabu, muke hajue jina ya bwana yake. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba labda iko na babwana wengi, anatafuta kwanza ni ipi. Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, ni kicheko cha watu waliochoka kusimama, lakini kilimpanda Georgette masikioni kama maji ya moto.

Jina alilijua. Lilikuwa jina la baba mkwe wake. Siku maofisa walipopita kazini kwa Donatien, kwenye reli ya Kalemie, wakimwuliza kila mtu jina la mababu, Donatien kama mtoto wa kwanza alitoa jina la baba yake, na ndilo lililogongwa muhuri. Na katika ukoo ule wa kijiji cha Miti, mwanamke aliyeolewa hapo halitaji jina la baba mkwe wake. Halitamki, haliandiki, na akilisikia linatajwa huinamisha macho. Jina la Télesphore, alilopewa mzee yule na mapadri, kila mtu aliruhusiwa kulisema; jina la padri, walisema, halina mizizi. Lakini hili lingine lilikuwa na mizizi, na mizizi yake ilipita chini ya nyumba yote.

Placide alikuwa mtoto wa Kabare, ambako mwiko ni huo huo. Alipomwona anaitazama kalamu vile, alielewa, akainama juu ya kaunta na kushusha sauti. Angependa kumwandikia yeye mwenyewe, alisema, kwa moyo wote. Lakini mwaka uliopita wezi walibadilisha majina kwenye bordero za watu wakajichukulia mizigo, na tangu hapo mkubwa wa ofisi ameweka sheria: kusahihisha ni kwa yule aliyetia sahihi, kwa mkono wake, kisha aisome karatasi mbele ya mkubwa kwa sauti. Lori la kupeleka barua Kalundu linaondoka kesho saa sita. Likiondoka bila karatasi hiyo, meli itaondoka bila kasha, na kasha litarudishwa Bukavu.

"Rudi nyumbani, Mama Colette," alisema. "Ongea na benye jina."

*

Stanislas, mdogo wake Donatien, alikuwa fundi wa kujenga, na alifika nyumbani kwa Georgette, mtaa wa Kadutu, na saruji bado kwenye nyusi. Ni yeye aliyekuwa aende naye ofisini siku ya kutuma kasha, akachelewa kazini, na Georgette, akiona foleni inamsukuma, akaamua kujaza peke yake. Alijivunia mwandiko wake. Tena aliona ameandika ukweli mtupu: Papa Colette alikuwa Papa Colette, mtaa mzima wa Kadutu ulimjua hivyo, na hakuna siku aliyopiga hodi akaulizwa jina la mababu.

Stanislas alisikiliza yote akinawa mikono, kisha akasema jambo lenyewe ni dogo. Kalundu kuko mbali, hakuna wa kumsikia. "Andika tu, shemeji. Kutoka Kalundu kuya Miti, hata upepo hautafika."

"Na mudomo yangu, iko mbali na Miti?"

Stanislas alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Georgette alikuwa akimkumbuka Donatien siku aliyokuja likizo na kitambulisho kipya. Alikitoa mfukoni kwa aibu kama mtoto aliyevunja chungu, akamwambia kwamba sasa yeye ndiye asiyetajika. Walicheka mpaka Colette akaamka. Tangu siku hiyo barua zake alizitia sahihi kwa jina la ubatizo peke yake, jina lisilo na ruhusa, ili mkewe aweze kuzisoma zote hadi mwisho, na zake Georgette alizipeleka kwa mikono ya wasafiri, watu wa kwao, ambao waliambiwa tu: mpe Papa Colette. Hakuna barua iliyopotea. Ni kasha lililomfunulia kwamba mahali pengine pote duniani mumewe alikuwa mtu mwingine.

Alikuwa amemzoea akiwa mbali. Mwaka wa pili sasa. Lakini kuna kumkosa mtu unayejua yuko kazini, amevaa kofia ya reli, anakula ugali wake. Na kuna kumkosa mtu unayejua amelala akihesabu anavyopumua. Hii ya pili ilikuja jikoni bila kubisha. Ilimkuta akikoroga maharage, ikamkalia mikononi, maharage yakaungua.

"Twende Miti," alisema.

*

Walipanda gari dogo la mizigo, kamionete ya wachuuzi waliokuwa wakirudi Kavumu na vikapu vitupu, wakateremka Miti jua likiwa bado juu ya migomba. Mama mkwe wake, Euphrasie, alikuwa uani akianika mihogo. Alipomwona Stanislas na mkamwana wake pamoja, siku isiyo ya sokoni, alishika kichwa, na ikabidi Stanislas apige kelele kutoka njiani kwamba hakuna aliyekufa.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni. Georgette alipiga goti mbali kidogo, ubavu ukielekea kwake, kama ilivyopasa, naye mzee akamsalimia akitazama migomba. Mazungumzo ya nyumba ile yalizunguka: mzee alisema na mkewe, mkewe akasema na mkamwana, hata kama wote watatu walisikiana vizuri. Basi Stanislas akaeleza. Kasha, Kalundu, hangari, meli. Alipofika kwenye jina, alilitaja tu kama mtoto wa kiume anavyoruhusiwa, na Georgette akainamisha macho chini.

Euphrasie ndiye aliyesema kwanza, kwamba kazi ya serikali hii ni kuwavua watu majina na kuwavalisha mengine, na sasa tazama. Kisha akamkumbusha mumewe habari za Constance, dada wa mzee mwenyewe, aliyeolewa ng'ambo ya bonde na kulitaja jina la baba mkwe wake kwa hasira. Maziwa yalikauka kifuani na mtoto akafa. Mzee alisema anamkumbuka Constance, na anakumbuka pia kwamba mwaka ule kulikuwa na njaa.

"Kuna njia," alisema hatimaye. "Muulize kama anaijua."

Euphrasie hakuuliza. Hakuna aliyehitaji kumwuliza Georgette, kwa sababu kila mwanamke aliyeolewa pale aliijua njia ile na kuomba asiipite. Jina lilikuwa na kufuli lake na ufunguo wake. Mwenye jina humpa mkamwana kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka katika kibuyu chake mwenyewe, anywe, kisha humtamkia jina sikioni. Tangu saa hiyo mdomo wake umefunguliwa. Ila jambo hilo hufanywa mara moja tu katika maisha ya mwanamke, siku ya kumaliza matanga ya mumewe. Mjane hufunguliwa jina ili awe huru, akitaka arudi kwao, akitaka aolewe kwingine, kwa maana hana deni tena na nyumba ile.

"Unamuzika mutoto yangu na iko anapumua," Euphrasie alisema.

"Nataka apumue," mzee alijibu. "Njo maana."

"Utamufanyia muke yake kazi ya mujane. Unafikiri mababu bataelewa unacheza? Batasema, ah, kumbe ule wa Kalemie amekwisha. Na batamuchukua."

Mzee hakubishana naye. Aliokota jani kavu la mgomba, akalikunja, akalikunja tena mpaka likavunjika. Kisha alisema, bado akitazama mbali, kwamba baba mwenye watoto hujikuta siku moja ameshika kamba mbili kwa mkono mmoja, na kwamba jina ni lake, si la mababu peke yao. Kesho asubuhi atashuka Bukavu na kibuyu.

Euphrasie aliacha mihogo yake juani, akaingia ndani. Walimsikia akilia polepole, kilio cha mtu anayefanya mazoezi ya kilio kikubwa. Georgette alitaka kumfuata. Hakuthubutu.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye ziwa la Bukavu, na mbele ya ofisi ya mizigo wapakiaji walikuwa wakipandisha magunia ya kahawa kwenye lori lenyewe, lile la saa sita. Mzee alifika, Stanislas na Georgette nyuma yake. Alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, na kibuyu alikificha ndani ya koti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Euphrasie hakuja.

Kando ya ofisi palikuwa na kijiwanja cha kupimia mizigo, mizani kubwa ya chuma katikati. Mzee alipaona panafaa. Akamwambia Stanislas asimame njiani asipite mtu, akauchomoa mrija wa kibuyu na kuupangusa. Georgette alipiga goti kwenye vumbi la mkaa. Alijiandaa usiku kucha kwa jambo hili. Alijiambia ni kunywa tu, funda moja, na Donatien atapona. Harufu ya kasiksi ikamfikia, tamu na kali. Ndipo alipomwona mzee amevua kofia, na akaelewa kwamba mzee naye yuko kwenye mazishi.

"Papa," alisema. Alisema naye moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. "Papa, usinifungue."

Mzee alishusha kibuyu.

"Ni mujane njo anafunguliwaka. Mimi niko na bwana. Iko Kalemie, anangojea sindano yake. Nikikunywa hii, bwana yangu iko wapi?"

"Na karatasi?"

"Ntaijaza."

"Utataja bila ruhusa."

"Ntataja bila ruhusa, Papa. Kosa ikuwe ya kwangu. Kama kuna kitu inakuya, ikuye kwangu, isimupate yeye."

Stanislas, aliyetakiwa kutazama njia, alikuwa ameigeukia mizani. Mzee alimtazama mkamwana wake usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, akatazama kibuyu, kisha akakirudishia kizibo chake cha jani na kukigandamiza kwa kidole gumba.

Ndani, foleni ilikuwa ndefu tayari. Placide alimwona, akampungia mkono aje mbele, na mama mmoja mwenye mitungi ya mafuta ya mawese akalalamika kwamba kumbe kuna wenye ofisi yao. Placide akamletea karatasi mpya na kumwita mkubwa wa ofisi, mtu mfupi mwenye usingizi, ambaye alisimama nyuma ya kaunta akikoroga kahawa yake.

Georgette aliandika kila kitu upya. Hakunakili kwa pupa. Aliandika kilo na alama, akaandika msalaba wa buluu, akaandika vichupa na pamba na unga. Alipofika mstari wa mpokeaji alivuta pumzi, akaandika jina la kwanza herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akaandika la pili, akaandika chumba cha wagonjwa wa kifua, kitanda cha dirishani. Mkono ulikwenda. Alishangaa kwamba mkono ulikwenda.

"Soma," alisema mkubwa wa ofisi.

Alisoma. Kilo, vifurushi, alama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya shuleni. Mlangoni, kwenye mwanga, aliona kivuli cha koti la Krismasi.

"Mpokeaji?"

"Citoyen Birindwa Mweze," alisema Georgette.

Placide alitazama chini. Mama wa mafuta ya mawese, ambaye naye alikuwa wa Kabare, na ambaye tangu mwanzo alikuwa ameona namna mwanamke yule anavyojikaza, aliacha kulalamika, akaufunga mdomo wake kwa ncha ya kitenge. Mkubwa wa ofisi hakuona kitu. Alimwuliza kama huyo ndiye mumewe kweli, Georgette akasema ndiye, naye akagonga muhuri na kurudi kwenye kahawa yake.

Nje, mzee alikuwa amesimama katikati ya wapakiaji. Alipaza sauti, na haikuwa sauti yake ya kila siku. Ilikuwa ile ya kikao cha ukoo, ya kusikika mpaka mwisho wa shamba.

"Ni nani ametaja jina yangu mule ndani?"

Wapakiaji wakasimama na magunia mabegani. Georgette akapiga goti kwenye ngazi ya ofisi.

"Ni mimi, Papa."

"Wewe ni nani?"

Hapo tu ndipo alipoona mzee anataka nini, akainua uso kumjibu.

"Ni muke ya mutoto yako."

"Mumesikia," mzee aliwaambia wapakiaji, watu asiowajua hata mmoja. "Si mujane. Si mugeni. Ni muke ya mutoto yangu, na amevunja heshima ya nyumba. Atalipa kuku."

"Kuku jike ao jogoo?" aliuliza mpakiaji mmoja, kwa kuwa jambo lilishakuwa la wote.

Mzee alifikiri. "Jike," alisema. "Jike, na ikuwe muzima, bila kilema."

"Muzee, hiyo ni faini kidogo sana," mwingine alisema. "Kwetu Mwenga angelipa mbuzi."

Watu wakacheka, na Georgette, akiwa bado amepiga goti, akacheka nao huku machozi yakimdondoka kwenye ngazi. Lori liliondoka saa sita na karatasi yake.

*

Siku chache baadaye Placide alimwita kutoka barabarani alipokuwa akipita kwenda sokoni. Phonie ya Kalundu imesema kasha limepanda meli. Hakuwa na habari nyingine, ila alimrudia maneno hayo mara mbili kwa kuwa aliona anayataka.

Georgette alichagua kuku pale pale soko la Kadutu. Aliwageuza wengi, akawapuliza manyoya, akawatazama macho, mpaka mwenye kuku akamwuliza kama anatafuta kuku au mchumba wa mwanawe. Alichukua mmoja mweusi mwenye madoa meupe shingoni, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akapanda naye kwenda Miti.

Euphrasie alikuwa uani. Hakuwa amezungumza na mtu kuhusu jambo lile tangu mzee arudi na kibuyu kilichojaa. Alimwona mkamwana anaingia na kuku kwapani, akainuka, akasimama katikati ya ua, na akauliza kwa nguvu, ili majirani wa pande zote mbili za uzio wasikie vizuri:

"Na hiyo kuku ni ya nini?"

"Ya faini, mama."

"Faini ya nani?"

"Ya muke ya mutoto yako."

"Ya mutoto yangu gani?"

"Ule wa Kalemie."

Euphrasie alimchukua kuku, akampima uzito kwa mkono, akatafuta kilema na hakukiona. Akasema ni kuku mzuri. Kisha akageuka upesi, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa mkavu. Aliuliza kama Georgette ameshakula.

Mzee ndiye aliyetoa neno la mwisho, kutoka kwenye kigoda chake, akitazama migomba. Alimwambia mkewe amwambie mkamwana wake kwamba faini ya mke mwenye mume haichinjwi mume akiwa safarini. Inaliwa siku watakayokaa wote watatu kwenye mkeka mmoja, mwenye jina, mwenye kubeba jina, na aliyelitaja. Mpaka siku hiyo kuku alishwe.

Barua moja ilikuja kabla ya mvua. Donatien aliandika kwamba sindano zimeanza tena, kwamba unga wa mtama amegawana na wenzake wa dirishani, na kwamba kila asubuhi muuguzi husimama mlangoni na orodha na kumwita kwa jina la baba, naye huitikia, na sasa akiitikia humwona Georgette kwenye kaunta na kalamu, kama alivyomwandikia. Alitia sahihi kama kawaida, jina la ubatizo peke yake. Georgette aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kisha mvua zikaanza, barabara ya Ngomo ikakatika, malori yakalala njiani, Kamanyola na Luvungi, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeshuka wala kupanda na neno la Kalemie.

Kila alipopanda Miti alichukua mtama kidogo kwenye fundo la kitenge chake. Yule kuku alizoea sauti yake, akawa anamkimbilia tangu uzioni. Alitaga, akaatamia, akatoa vifaranga nyuma ya jiko, na vifaranga vikakua vikaanza kupigana. Alipoatamia mara ya pili Euphrasie alimwekea nyasi mpya, wala hakuna aliyeulizia kisu.